Kompyuta ya Kikundi Isitupwe

Wengi mwatuuliza: kompyuta yetu ya mtumba imeambiwa imezeeka, je, tuiuze kwa watu wa vyuma? Sisi twasema ngojeni kwanza.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama ilivyozoea. Windows 11 nayo yachagua: yataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Mashine nyingi za mtumba hazina. Hazikuharibika, zimekataliwa tu.

Linux ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Ulianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, na hadi leo watu wa nchi nyingi wautengeneza pamoja, harambee kama zetu. Haununuliwi. Kwa mashine kuukuu twapendekeza Linux Mint ya Xfce: memori ya GB 2 yatosha kuiwasha, ila GB 4 ndiyo raha. Ndani yake mna LibreOffice, ambayo yafungua mahesabu mliyoandika kwa Excel.

Sasa sikizeni kosa letu. Mara ya kwanza tulikuwa na haraka, tukakubali diski ifutwe bila kunakili chochote. Michango ya miaka miwili ikaenda! Akina mama walitutazama tu, hakuna aliyesema neno, na hilo lilituuma kuliko kugombezwa. Ilibidi kila mwanachama alete kijitabu chake tuandike upya mstari kwa mstari. Wawili walikuwa wamevipoteza. Hao tuliandika walivyosema wenyewe.

Basi nakilini mafaili kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mweka hazina. Kisha tafuteni flashi tupu ya GB 8. Linux Mint ni mzigo wa karibu GB 3, kwa hivyo ipakueni saiba, msimalize bando za simu. Iwekeni kwa programu ya Etcher. Mkiinakili kama faili la kawaida haitawaka. Washeni kompyuta kwa flashi hiyo. Itafanya kazi bila kugusa diski, nanyi mjaribu intaneti, sauti, na hasa printa, maana printa ndiyo msumbufu. Vyote vikikubali, ndipo muiweke moja kwa moja.

Na vijana je? Hawa hawaji kwa ajili ya mahesabu! Wana SuperTuxKart ya mbio za magari, na wadogo wana GCompris ya kusoma na kuhesabu, zote bure. Michezo mingi ya Windows yachezeka kupitia Steam, kwa Proton iliyotoka mwaka wa 2018. Lakini Fortnite na Valorant hazikubali Linux, na mashine dhaifu haitabeba michezo mizito hata mfumo ukibadilishwa. Waambieni mapema wasije wakanuna.

Tena Linux haiponyi kutu. Hapa Mji wa Kale chumvi ya bahari haina huruma: chomoeni umeme, fungueni kasha, mpanguse vumbi kwa brashi kavu.

Flashi yetu ya Linux iko ofisini. Katibu wa kikundi aweza kuiazima, airudishe kesho yake.