Dungu la Mchombe na Ujira wa Mkonge

Msafiri afikaye Mchombe, katika bonde la Kilombero, wakati mpunga unapokaribia kukomaa, huwakuta akina mama wamekwisha kupanda dunguni kabla ya jua kuchomoza, kila mmoja na kombeo lake na madonge ya udongo, wakiamia ndege mpaka magharibi. Nami kila niyatazamapo madungu yale hukumbuka kwamba chakula kilichopatikana kwa taabu kama hiyo ndicho kilichofanywa hoja, zama za Mwingereza, ya kumlipa Mwafrika ujira haba.

Wengi hudhani ubaguzi wa rangi kazini asili yake ni chuki tu. Chuki ilikuwapo, lakini nyuma yake palikuwa na hesabu ya faida. Matajiri wa mashamba ya mkonge, ambao tangu 1944 waliletewa manamba, yaani vibarua wa mkataba, na shirika lao la SILABU kutoka Songea, Kigoma na Njombe (Njombe hiyo iliyo juu ya milima inayolitazama bonde letu), walishikilia kwamba manamba amekuja peke yake, na kwamba mkewe na wanawe wanalishwa na shamba la nyumbani. Basi mshahara wake ukapimwa kwa tumbo la mtu mmoja, naye asiupate mpaka atimize kipande, yaani kadi yake ya siku 30 za kazi. Kwa hiyo mwanamke aliyebaki na jembe kijijini alikuwa akimlipia tajiri sehemu ya ujira wa mumewe, wala hapakuwa na daftari lililoandika deni hilo.

Maofisini nako Mzungu alikaa juu, Mhindi akawa karani au fundi, Mwafrika akawa tarishi. Na kwa kuwa skuli nazo zilitengwa kwa rangi na kugawiwa fedha pasipo usawa, alipotafutwa Mwafrika wa kushika cheo kikubwa asionekane, yule yule aliyemnyima elimu alilitoa jambo hilo kuwa ushahidi kwamba hafai. Hata pale alipopatikana, Tume ya Holmes iliyochunguza mishahara ya serikali, mwaka 1948, ilipendekeza asiyekuwa Mzungu alipwe humusi tatu za mshahara wa Mzungu mwenye cheo kile kile. Naiita dhuluma, maana kazi ilikuwa moja. Tume ya Lidbury, 1954, iliitengua kanuni hiyo, ingawa walioajiriwa kutoka ng’ambo waliongezewa malipo ya kuwavuta waje.

Tume hizo ziliwahusu watumishi wa serikali. Manamba aliendelea kuhesabu siku zake katika kipande, na kule kwao mkewe akapalilia peke yake.