Utomvu Mkavu Juu ya Gari: Weka Wembe Chini!

Ukienda Nyeri kuwaona wazee na gari la kuazima, chunga utakapoliegesha. Mimi sikuchunga. Pasaka moja nilifika kwa mjomba, upande wa Kiganjo, nikiendesha gari jekundu la shemeji. Jua lilikuwa kali, kwa hivyo nikaliingiza kivulini chini ya misonobari, ile miti ambayo wengi wetu huiita paini, nikaenda zangu kunywa chai.

Lilikaa hapo siku tatu. Jumatatu, tukipakia viazi na ndizi, tulikuta boneti na paa vimejaa matone ya rangi ya asali, magumu kama kioo. Kabla sijasema neno, binamu yangu mdogo, kijana mwenye bidii kupita kiasi, alikuwa amekwishachukua waya wa kusugulia sufuria. Tone lilitoka kweli, lakini liliacha mikwaruzo yenye upana wa kiganja. Na gari si langu!

Visa kama hivi ni vya kawaida katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina hadi Nanyuki na Meru, ambako kivuli cha bure hakikosekani.

Utomvu wa msonobari ni mchanganyiko wa tapentaini, ambayo hupeperuka hewani, na gundi nzito. Tone likiwa bichi hunata tu. Likipigwa na jua siku kadhaa, tapentaini hutoweka na gundi hubaki imeng'ang'ania rangi. Maji hayaiyeyushi, na hapo ndipo watu hukimbilia wembe. Kinachoiyeyusha ni spiriti, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa katika maduka ya dawa. Hata ile sanitaiza iliyobaki nyumbani tangu 2020 yaweza kufaa, mradi iwe na alkoholi nyingi.

Kwanza osha gari kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa vumbi, kwa maana vumbi la huku likisuguliwa hukwaruza kama msasa. Lifanyie kazi kivulini (kivuli cha nyumba, tafadhali, si cha mti) bati likiwa limepoa. Lowesha kitambaa laini cha pamba kwa spiriti, kilaze juu ya tone kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha pangusa polepole bila kukandamiza. Geuza kitambaa, urudie. Tone nene laweza kukudai mara tano au sita, na subira ndiyo kazi yenyewe. Ukimaliza, suuza, kausha na upake nta, kwa sababu spiriti huondoa nta iliyokuwapo.

Ikiwa gari lilipulizwa rangi upya na fundi wa jua kali, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama vile ukingo wa ndani wa mlango. Rangi nyingine hulainika. Thina usiiguse kabisa, na petroli iache ndani ya tangi, hasa kama kuna jiko la makaa uani. Kwenye taa za plastiki, na hata kwenye mikono ya watoto waliopanda mti, tumia mafuta ya kupikia; hulainisha utomvu taratibu, kisha unaosha kwa sabuni.

Hata hivyo, si kila kinachonata ni utomvu. Maboma mengi ya huku yana ua wa misaipresi. Mwaka wa 1990 vidukari wa miti hiyo waliingia Kenya, baada ya kuonekana Malawi mwaka wa 1986, wakaikausha mingi. Wadudu hao hufyonza maji ya mti na kudondosha vitone vitamu, hata gari likaonekana kama limemwagiwa soda. Gusa kwa kidole kilicholowa: kikianza kuteleza, hiyo ni sukari, na maji na sabuni vinatosha. Likibaki gumu na kunukia msonobari, tafuta spiriti.

Matone mengine ya boneti ile yalitoka yote kwa chupa moja ndogo ya spiriti. Mikwaruzo ya binamu ilififia kwa polishi lakini haikuisha, na shemeji aliiona kabla sijazima injini. Siku hizi mjomba huniegeshea gari mwenyewe: juani, kando ya zizi la ng'ombe, ambako kuku wake wamegundua kuwa paa la gari ni mahali pazuri sana pa kulala.