Gari Lililoshinda Haliuzwi Iringo

Mnunuzi wa gari mjini Musoma, awe wa Iringo, Nyasho au Bweri, huuliza mambo matatu kabla ya kutoa hela: spea zinapatikana, linakula mafuta kiasi gani, na siku nikilichoka litauzika? Sijasikia anayeuliza kama gari hilo limewahi kushinda mbio. Toyota ilishinda Safari Rally ya Kenya mara tano mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2025, kule Naivasha ambako ukivuka mpaka wa Sirari alfajiri unafika mchana. Lakini michomoko inayopakia abiria wa Bunda ni Toyota kwa sababu ambazo mbio hizo hazihusiki nazo hata kidogo. Ndiyo maana inafaa kuitazama biashara hii ya mbio za magari na kuuliza nani anailipia.

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Alilipa muuza magari.

Nchini Marekani, NASCAR, taasisi inayosimamia mbio za magari, iliundwa mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikaanzisha mashindano ya magari kama yalivyotoka kiwandani, bila kuchokonolewa. Mtazamaji alimwona jirani yake akishindana kwa gari la aina ile ile aliloegesha nyumbani. Wafanyabiashara wa magari wakawa na msemo wao: lishinde Jumapili, liuzwe Jumatatu. Kisha vikajengwa viwanja vikubwa vya duara, Daytona mwaka 1959 na Talladega, jimbo la Alabama, mwaka 1969. Mzunguko mmoja wa Talladega ni kilomita 4.28, na kona zake zimeinuliwa nyuzi 33, mwinuko ambao mtu hupata shida kuupanda kwa miguu.

Kuna jambo la viwanja hivyo ambalo waendesha baiskeli wa Kanda ya Ziwa watalielewa bila mwalimu: anayekaa mgongoni mwa mwenzake hupata nafuu ya upepo, na anayejitenga huachwa. Magari karibu arobaini hukimbia yakiwa yamebanana kwa mwendo unaokaribia kilomita 300 kwa saa. Mwaka 1987 Bill Elliott alifikia wastani wa kilomita 342 kwa saa Talladega. Kwenye mbio za wikiendi hiyo hiyo gari la Bobby Allison liliruka na kuchana uzio wa watazamaji, na tangu 1988 injini za viwanja hivyo zikabanwa pumzi ili mwendo upungue. Siku hizi madereva hupunguza mwendo zaidi kwa hiari, ili wabane mafuta na wasikae sana kituoni wakijaza. Watazamaji wengi wanalichukia jambo hilo. Mwenye mchomoko wa Musoma angelielewa vizuri sana.

Ila gari lenyewe limebadilika mpaka limebaki jina. Camry ya mashindano ina umbo linalofanana na Camry ya barabarani, na hapo ufanano unaishia. Ya barabarani huvutwa na magurudumu ya mbele. Ya mbio ina injini kubwa ya silinda nane na husukumwa na ya nyuma. Jumatatu dukani hakuna cha kununua kinachofanana na kilichoshinda.

Muuza magari alipopungua nguvu, walipaji wengine waliingia. Mwaka 1971, mwaka ambao matangazo ya sigara yalipigwa marufuku kwenye televisheni ya Marekani, kampuni ya sigara za Winston ilihamishia fedha zake kwenye mbio hizo, ikadumu hadi 2003. Mwaka 1979 mbio za Daytona 500 zilirushwa mbashara tangu mwanzo hadi mwisho, na televisheni ikawa ndiyo mwenye mfuko. Mkataba wa matangazo wa 2025 hadi 2031 una thamani ya dola bilioni 7.7, yaani zaidi ya bilioni moja kwa mwaka. Penye hela nyingi hivyo ugomvi haukosekani. Timu mbili, mojawapo ikiwa ya Michael Jordan na wenzake, ziliishtaki NASCAR mwaka 2024 kuhusu vibali vya kushiriki na mgao wa mapato, na shauri likaisha kwa mapatano Desemba 2025.

Afrika Mashariki nayo ilianzia pale pale, kwenye gari la dukani. Mashindano ya 1953 yaliyozaa Safari Rally, yaliyoandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaligawanywa kwa madaraja ya bei, siyo ukubwa wa injini. Wazo la mwanzo lilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria. Lingetimia, magari yangepita kwetu, lakini waandaaji walikumbushwa hali ya barabara za kandokando ya ziwa wakati wa masika. Hawakukosea. Daraja la Kirumi lilikuja miaka ya 1980. Kabla ya hapo Mto Mara ulivukwa kwa kivuko, na foleni ya kivuko haina daraja la bei.

Volkswagen ndogo ilitamba miaka ya mwanzo. Baadaye ikaja Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, halafu Datsun. Hayo hayakuwa majina ya kwenye magazeti tu. Peugeot ziligeuka teksi na magari ya maofisa, na mtu aliyeona gari limetoka salama kwenye tope la siku kadhaa alikuwa na sababu ya kuliamini. Ushindi ninaoupenda kuliko wote ni wa 1965. Joginder Singh, fundi wa Nairobi aliyeitwa Simba wa Kenya, alishinda na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika mbio za mwaka uliotangulia. Kwa lugha yetu ya leo, alishinda na mtumba.

Mtumba huo huo ndio uliokuja kuua biashara ya Jumatatu. Biashara ya nje ilipolegezwa, magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini Dar es Salaam kwa wingi, na mnunuzi akaacha kuangalia nani kashinda, akaangalia ushuru. Gari lililozidi umri wa miaka minane huongezewa kodi, kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa una uzito kwenye bei kuliko kombe lolote. Probox, hiyo Toyota ya michomoko, haijawahi kuhitaji dereva wa mbio kuisifia.

Wakati huo Safari ilikuwa imebaki Kenya peke yake tangu miaka ya 1970, ikiwa ndani ya mashindano ya dunia kuanzia 1973. Mwaka 2002 ikawa mara ya mwisho, kisha ikaondolewa kwa sababu za fedha na maandalizi. Iliporudi mwaka 2021, iliyobeba gharama kubwa ilikuwa Serikali ya Kenya, kwa hesabu ya utalii na jina la nchi. Hapa kuna tofauti kubwa na Talladega. Uwanja wa duara una geti na viti, na kila anayeingia hulipia. Rally imetawanyika Hell's Gate, Kedong na Soysambu; hakuna geti la kilomita mia kadhaa. Anayevuna ni mwenye nyumba ya wageni, mchoma nyama, mwenye kituo cha mafuta na bodaboda. Anayelipa ni hazina.

Gharama zenyewe zimewashtua hata wenye nazo. Gari la daraja la juu la mashindano ya dunia limefika karibu euro milioni moja, na kanuni za kuanzia 2027 zimeweka kikomo cha euro 345,000. Hata hiyo iliyopunguzwa, kwa Musoma ni yadi nzima ya Probox.

Sioni sababu ya Mkoa wa Mara kuota uwanja wa duara, na anayeupendekeza aonyeshe kwanza nani atanunua tiketi wiki isiyo na mbio. Mbio za kitaifa au za kanda kwenye barabara za vumbi za Butiama na Bunda ni jambo jingine. Vumbi tunalo bure, kiangazi cha Juni hadi Septemba kinajulikana, na Serengeti iko jirani, ingawa ndani ya hifadhi hakuna wa kukimbiza gari. Mafundi wa gereji wangepata kazi ya siku chache wanayoiweza: kubadilisha shokapu usiku, kunyoosha bodi, kuchomelea.

Bili ya kwanza, hata hivyo, haihusu magari. Ni ya polisi wa kufunga barabara, ambulensi mbili zenye daktari, bima ya watazamaji, na greda la kurudisha barabara ya kijiji ilivyokuwa kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Mdhamini anayetaka jina lake kwenye mlango wa gari hupatikana. Wa kulipia greda bado sijamwona.