Kujifunza Kunyoa Ndevu kwa Wembe wa Kukunja

Pengine katika sanduku la marehemu babu yako mna wembe wa zamani. Si ule wembe mwembamba wa dukani unaofungwa katika karatasi. Huu ni mzito. Una bapa la chuma lenye urefu wa kidole cha kati, na bapa hilo hujikunja ndani ya mpini wa pembe au wa mti, kama kisu cha mfukoni. Watu wengi wakiuona huufunga tena upesi na kuurudisha sandukuni. Wanauogopa.

Si vibaya kuuogopa kidogo. Lakini mtu yeyote mwenye mkono mtulivu na subira anaweza kujifunza kuutumia. Ukitunzwa, wembe mmoja hutumika miaka mingi, hata baba akamwachia mwanawe.

Uchukue wembe huo uutazame. Ufungue polepole. Ule upande mnene unaitwa mgongo. Upande mwembamba unaokata ni makali. Kati ya bapa na mpini pana sehemu nyembamba isiyokata. Hiyo ni shina, nayo huishia kwa kimkia kilichopinda. Sasa soma maandishi yaliyochongwa kwenye shina. Huenda utaona neno Sheffield. Huo ni mji wa Uingereza uliojulikana tangu zamani kwa kufua visu na nyembe. Au utaona Solingen, mji wa Ujerumani wenye kazi hiyo hiyo. Nyembe za miji hiyo miwili zilisambaa duniani kote. Hata hivyo tusidhani kwamba wembe uliletwa kwetu na wageni. Wahunzi wa Afrika walifua nyembe za chuma zamani sana, kwa moto ule ule waliofulia majembe.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1903. Mwaka huo kampuni ya Mmarekani aitwaye King Camp Gillette ilianza kuuza mashine ya kunyolea yenye wembe mwembamba wa kutupwa. Wembe ule haukuhitaji kunolewa. Ukiisha makali, unatupwa, unawekwa mwingine. Ndiyo sababu leo watu wachache tu wanajua kuutumia wembe wa kukunja.

Wembe huu ni wa nani?

Kabla ya kusema jinsi ya kunyoa, ni lazima tuseme jambo hili. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja tu.

Mimi nilifundishwa na mzee mmoja kinyozi. Alikuwa na kiti chake chini ya mwembe, karibu na soko. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana. Lakini alikuwa na wembe mmoja tu. Alimnyoa huyu, akaupangusa wembe kwa kitambaa, akamnyoa yule. Kitambaa kilikuwa kile kile tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu sote hatukujua.

Baadaye tulijua. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Watu wakafundishwa kwamba virusi vya ugonjwa huo hukaa katika damu. Ni kweli kwamba wengi huvipata kwa njia ya kujamiiana, wala si kwa wembe. Lakini wembe wenye damu mbichi unaweza kuvipitisha. Ugonjwa mwingine ni homa ya ini ya aina B. Virusi vyake ni vigumu kufa. Vinaweza kuishi nje ya mwili wa mtu siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka, tena kidogo isiyoonekana kwa macho. Kuupangusa wembe hakutoshi. Kuuchovya katika maji ya moto hakutoshi.

Kwa hiyo usimwazime mtu wembe wako, hata ndugu yako wa tumbo moja. Na wakati wa msiba, pale ambapo desturi ni ndugu wote kunyolewa nywele, kila kichwa kiwe na wembe wake mpya wa dukani. Wembe wa dukani ni rahisi kuupata, nao ukishatumika hutupwa chooni. Mzee yule kinyozi mwenyewe aliacha kuwanyolea watu wembe wa kukunja. Alinunua mpini unaotiwa kipande cha wembe mpya kwa kila mteja, na mteja anauona ukifunguliwa mbele ya macho yake.

Kama wembe uliourithi ni mchafu, uoshe kwa maji na sabuni, uukaushe, halafu uupanguse kwa spiriti. Ukiwa una pengo kwenye makali, au kutu imekula makali, usiutumie. Uweke uwe ukumbusho.

Mkanda kwanza

Siku ya kwanza nilimwendea mzee yule, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nilidhani atanipa wembe na povu. Akanipa mkanda wa ngozi. "Noa," akasema. Nikanoa wiki nzima bila kugusa kidevu cha mtu. Nilikasirika. Sasa naona alikuwa na haki, maana wembe butu hukata watu kuliko wembe mkali. Ukiwa butu unavuta ndevu, nawe unakandamiza ili ukate. Hapo ndipo ngozi inapochanika.

Kunoa ni kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kwa jiwe. Jiwe linalotakiwa ni laini sana, laini kuliko lile la kunolea panga. Jiwe la panga litauharibu wembe kwa dakika moja. Kazi hii hufanywa mara chache, labda baada ya miezi kadhaa. Wewe unayeanza usiifanye. Mpelekee kinyozi wa zamani au fundi anayeijua.

Namna ya pili ni kwa mkanda, nayo ndiyo yako. Hufanywa kila mara kabla ya kunyoa. Chukua mkanda mpana wa ngozi laini usio na mikunjo. Funga ncha moja kwenye msumari au mti. Shika ncha ya pili, uvute mpaka mkanda unyooke kabisa. Laza wembe juu ya ngozi, mgongo na makali yote yaguse. Sasa sukuma wembe mbele ukitanguliza mgongo, makali yakifuata nyuma. Ukitanguliza makali utakata mkanda, na pengine vidole. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake. Kisha urudishe kwako, mgongo ukitangulia tena. Kwenda na kurudi mara 30 kunatosha. Usikandamize. Usifanye haraka kama vinyozi unaowaona wakijionyesha. Haraka itakuja yenyewe.

Usijaribu makali kwa kidole gumba. Wembe si shoka.

Kutayarisha uso

Ndevu kavu ni ngumu. Ndevu zilizolowa hulainika na kukatika kwa urahisi. Kwa hiyo nawa uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni, au weka kitambaa chenye maji ya moto usoni kwa dakika 2 au 3. Kisha piga povu la sabuni mpaka liwe zito, ulipake na kulisugua kwenye ndevu. Povu likikauka, paka tena.

Weka kioo mahali penye mwanga, kisicheze. Vaa viatu. Watoto wakae mbali, na mlango ufungwe, ili mtu asije akakusukuma mkono. Na jambo moja usilisahau. Wembe ukikuponyoka, uache uanguke. Ondoa miguu. Mkono hukimbilia kuudaka wenyewe, na mtu anayedaka wembe hewani huumia vibaya.

Kunyoa kwenyewe

Kabla ya siku ya kwanza, fanya mazoezi kwa kipande cha ubao chembamba kama rula. Paka povu, simama mbele ya kioo, unyoe kwa ubao. Utacheka, lakini mkono utajifunza. Kioo humchanganya mtu. Unataka kwenda kulia, mkono unakwenda kushoto.

Wembe hushikwa hivi. Vidole vitatu vikae juu ya shina. Kidole gumba kikae chini ya shina, karibu na bapa. Kidole cha mwisho kikae juu ya kimkia. Mpini uwe umefunguka na kuelekea juu. Ushike kwa wepesi, kama unavyoshika kalamu.

Pitisha kiganja kwenye shavu ili ujue ndevu zimelala upande gani. Wembe ufuate upande huo huo. Kwa mkono wa pili, nyoosha ngozi kidogo ili isikunjamane. Laza wembe kwenye shavu, halafu inua mgongo kidogo tu. Ukiulaza kabisa, hautakata bali utavuta. Ukiusimamisha, utakwaruza na kukata ngozi. Telezesha kwa hatua fupi, kila hatua kama pingili moja ya kidole. Acha uzito wa wembe ufanye kazi. Ukisikia sauti ndogo ya kukwaruza na hakuna maumivu, unakwenda vizuri.

Wembe uende mbele ya makali yake tu. Usiutelezeshe kwa pembeni hata kidogo, kama unavyokata nyama kwa kisu. Makovu mengi ya wanafunzi hutokana na kosa hili. Mimi ninalo moja chini ya sikio.

Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu. Sehemu zilizobaki zimalize kwa mashine yako ya kunyolea ya kawaida. Hakuna aibu. Mashavu yakizoea, shuka kwenye taya na shingo, ukiangalia sana koromeo. Kidevu na sehemu ya juu ya mdomo viwe vya mwisho, kwa sababu vimepinda na ndevu zake ni ngumu. Mimi ilinichukua karibu miezi miwili kunyoa uso mzima.

Vipele vya ndevu

Watu wengi wenye ndevu za kujisokota hupata vipele shingoni na kwenye taya baada ya kunyoa. Wengine hudhani ni uchafu au sabuni mbaya. Sababu ni nyingine. Unywele uliokatwa chini sana huwa na ncha kali. Unapokua hujipinda, ukarudi kuchoma ngozi na kuingia ndani. Mwili huuona kama mwiba, na hapo huvimba.

Kwa hiyo usinyoe kwa kurudi nyuma, kinyume cha ndevu, hata kama unataka kidevu kiteleze kama yai. Usivute ngozi kwa nguvu, na usipite mahali pamoja mara tatu au nne. Acha ndevu zionekane kidogo. Vipele vikiwa tayari vimetoka, acha kunyoa kwa wiki kadhaa mpaka vipoe, na usivitumbue. Vikijaa usaha, nenda zahanati. Wapo watu ambao ngozi yao haitaki wembe kabisa. Hao ni afadhali wapunguze ndevu kwa mkasi.

Ukijikata

Utajikata, usihangaike. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha kibonyeze kwa kitambaa safi kwa dakika chache. Kipande cha shabu kilicholoweshwa husaidia kufunga damu ya mikato midogo. Usipake majivu, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Wengine husema kutu ndiyo inayoleta pepopunda, lakini ni vijidudu hivyo, si kutu yenyewe. Kama mkato ni mkubwa, au damu haikomi, au hukumbuki kuchanjwa pepopunda, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Ukimaliza kunyoa, suuza wembe na uukaushe kabisa, hasa karibu na msumari unaoshika mpini, maana maji hujificha hapo. Upitishe kwenye mkanda mara chache. Paka tone la mafuta kwenye bapa, lile la cherehani linafaa. Ufunge, uuweke mahali pakavu, juu, ambapo mtoto hawezi kufika hata akipanda kiti.