Igizo la Kusoma: Mbinu ya Kumjengea Mwanafunzi Ufasaha wa Kusoma

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwanafunzi wa Darasa la Pili anaweza kutamka kila silabi iliyo mbele yake na bado asielewe alichosoma. Anapolifikia neno kama "hatutawasahau", hulisoma ha-tu-ta-wa-sa-ha-u, na afikapo mwisho wa sentensi, mwanzo wake umekwisha kumtoka akilini. Mwanafunzi huyo anazijua herufi. Anachokosa ni ufasaha, yaani kusoma kwa usahihi, kwa kasi inayofaa na kwa kiimbo kinachobeba maana.

Upungufu huo una athari kubwa. Darasa la Kwanza na la Pili hujenga stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK). Kuanzia Darasa la Tatu, mwanafunzi hutakiwa kusoma ili ajifunze masomo mengine. Asiyesoma kwa ufasaha huachwa nyuma katika yote.

Miongoni mwa mbinu zinazoweza kumsaidia ni igizo la kusoma. Tofauti na maigizo ya jukwaani, hapa hakuna maleba wala kukariri. Wanafunzi hushika matini mkononi, hugawana nafasi za msimulizi na wahusika, kisha huisoma hadithi kwa sauti mbele ya wenzao.

Nguvu ya mbinu hii ni marudio. Ufasaha hujengeka kwa kusoma matini ile ile mara kadhaa, jambo ambalo mtoto hulichoka upesi asipoona sababu yake. Anayejiandaa kusomea wenzake anayo sababu.

Aidha, mbinu hii hufundisha kiimbo. Katika Kiswahili, "Baba amerudi." na "Baba amerudi?" ni maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, katika maandishi hutofautishwa na alama ya mwisho, na katika usomaji hutofautishwa na sauti. Mtoto anayesoma nafasi ya Fisi anayeuliza, au ya Sungura anayejibu, hulazimika kuziangalia alama hizo.

Utekelezaji wake waweza kupangwa kwa wiki moja. Jumatatu, mwalimu huchagua hadithi fupi yenye mazungumzo na kuisoma kwa mfano. Jumanne, darasa zima huisoma pamoja naye. Jumatano na Alhamisi, wanafunzi hufanya mazoezi katika vikundi huku mwalimu akipita kusahihisha. Ijumaa, vikundi husoma mbele ya darasa.

Uhaba wa vitabu au wingi wa wanafunzi si kikwazo. Matini inaweza kuandikwa ubaoni au kwenye karatasi za manila, na nafasi moja ikasomwa na kundi zima kwa pamoja.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Nafasi ndefu zisiachiwe wasomaji hodari pekee, kwani anayesitasita ndiye mwenye haja kubwa ya mazoezi. Aanze kwa kusoma sambamba na mwenzake. Nafasi zibadilishwe ili mtoto asikariri sehemu moja na kuacha kutazama maandishi. Anayekosea asichekwe.

Wazazi na walezi nao wanaweza kushiriki nyumbani: mzazi asome maneno ya mhusika mmoja na mtoto ya mwingine, kisha wabadilishane. Dakika kumi za jioni zatosha, na kitabu kimoja cha hadithi kinawatosha wote wawili.