Siku 219 Kabla ya Nyundo

Tangazo la mnada wa nyumba katika magazeti ya Kenya mara nyingi huja na masharti haya: mshindi alipe asilimia 25 nyundo ikigonga, salio ndani ya siku 90. Hesabu ya mnunuzi imeandikwa wazi. Ya yule anayehama haimo, na ndiyo tutakayoipiga hapa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ina thamani ya sokoni ya shilingi 9,000,000. Deni lililobaki ni 6,000,000, la kulipwa kwa miaka 15. Riba ikiwa asilimia 13, mkopaji analipa takriban shilingi 75,915 kwa mwezi. Ikipanda hadi 16, analipa 88,122. Nyongeza inapita shilingi 12,200, sawa na asilimia 16 ya malipo ya awali. Kupanda kwa namna hiyo si jambo la kufikirika tu: kati ya Mei 2022 na Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha msingi kutoka asilimia 7 hadi 13, na mikopo mingi ya nyumba ina riba inayobadilika. Kiwango hicho kilianza kushushwa Agosti 2024, lakini malimbikizo hayashuki pamoja nacho.

Jambo la kwanza ambalo benki hupendekeza ni kurefusha muda. Linasikika jepesi. Kutoka miaka 15 hadi 20, kwa riba ile ile ya asilimia 16, malipo yanashuka kutoka 88,122 hadi 83,475. Nafuu ni shilingi 4,647 kwa mwezi. Sasa tazama jumla: miaka 15 ingegharimu takriban 15,862,000, miaka 20 inagharimu 20,034,000. Mkopaji ananunua nafuu isiyofika elfu tano kwa mwezi kwa zaidi ya milioni nne.

Kurefusha zaidi hakusaidii. Kwa miaka 25 malipo ni 81,533. Sababu ni kwamba riba peke yake kwenye milioni sita ni shilingi 80,000 kwa mwezi, na hakuna muda, hata wa miaka mia, utakaoshusha malipo chini ya hapo. Aliyeshindwa kulipa 88,122 kwa sababu ana 60,000 tu mfukoni hajasaidiwa na ratiba mpya.

Njia nyingine ni kuomba likizo ya malipo, yaani benki isimamishe madai kwa muda huku riba ikiongezwa kwenye deni. Miezi sita ya likizo inaligeuza deni la 6,000,000 kuwa 6,496,000. Ratiba ikianza upya kwa miaka 15, malipo ni 95,411. Likizo ina maana kwa mtu anayejua tarehe ya kurudi kazini, au anayesubiri malipo ya mkataba uliokwisha kusainiwa. Kwa anayesubiri tu mambo yanyooke, ameongeza nusu milioni juu ya mzigo uliomshinda.

Kuhamishia mkopo benki nyingine yenye riba ya asilimia 14 kungeshusha malipo hadi 79,904. Gharama za wakili, mthamini na usajili zikifika, tuseme, 200,000, zinarudi baada ya miezi 24 hivi. Tatizo ni kwamba mlango huu uko wazi kwa yule tu ambaye bado analipa. Aliyekwisha kuorodheshwa CRB, yaani kwenye kumbukumbu za wanaoshindwa kulipa mikopo, hapokelewi kwa urahisi.

Njia inayosahauliwa, labda kwa sababu ya aibu mbele ya majirani, ni kupangisha nyumba yenyewe. Ikipangishwa kwa 45,000, kodi ya mapato ya pango ya asilimia 7.5 inachukua 3,375. Familia ikihamia nyumba ya 20,000, inabaki 21,625. Kiasi hicho kinafunika nyongeza yote ya riba na kubakisha karibu 9,400. Dhana iliyojificha hapa ni kwamba mpangaji atapatikana na atalipa kila mwezi. Miezi miwili bila mpangaji inafuta 90,000. Pia kuna mtego wa kodi: nyumba ya kuishi husamehewa kodi ya asilimia 15 ya faida ya mauzo iwapo mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuuza. Ukihama, msamaha huo unakatika.

Twende kwenye mnada. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, malipo yakikosekana kwa mwezi mmoja, benki inaweza kutoa ilani ya miezi mitatu. Inafuata ilani ya siku 40 ya kusudio la kuuza, kisha dalali hutoa siku 45 za kukomboa, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza. Zikifuatana hivyo, ni siku 219. Katika miezi saba hiyo deni linafika takriban 6,583,000, hata kabla ya riba ya adhabu.

Mthamini wa benki kwa kawaida huandika bei mbili kwenye ripoti: ya sokoni na ya kuuza kwa lazima, ambayo mara nyingi ni asilimia 75 ya ile ya kwanza. Kwetu hiyo ni 6,750,000. Sheria inasema bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi inatoa dhana kwamba benki haikutafuta bei nzuri, ingawa benki inaweza kuipinga dhana hiyo. Yaani bei ya kawaida ya mnada imekaa sawasawa kwenye mpaka huo. Toa 250,000 za dalali, matangazo na uthamini, zinabaki 6,500,000. Nyumba imekwenda, na bado kuna deni la 83,000.

Mkopaji huyo huyo angeuza mwenyewe miezi minne baada ya kuacha kulipa, kwa kibali cha benki, akipunguza bei kwa asilimia 10 ili apate mnunuzi haraka, angepata 8,100,000. Ondoa asilimia 5 ya wakala na wakili, kisha deni la wakati huo la 6,326,000. Mkononi zinabaki 1,369,000. Tofauti na mnada ni 1,452,000. Kwa kweli angeweza kushuka hadi karibu 6,572,000, asilimia 27 chini ya soko, ndipo awe sawa na aliyengoja nyundo.

Wengi hukimbilia zuio la mahakama. Ilani zikiwa na kasoro, hoja ipo. Lakini zuio halisimamishi riba: mwaka mmoja unaongeza takriban 1,034,000. Sheria ya Benki inaweka dari, kwamba riba isizidi kiasi cha deni kilichokuwapo mkopo ulipoharibika. Kwa asilimia 16, dari hiyo inafikiwa baada ya miaka minne na zaidi. Kufikia hapo deni limeipita thamani ya nyumba kitambo.

Mfano wote huu unasimama juu ya ile milioni tisa. Ikiwa nyumba ina thamani ya milioni nane, mauzo ya hiari yanaacha 514,000 na mnada unaacha deni la 833,000. Kwa hiyo mthamini wa kujitegemea aitwe ile ilani ya miezi mitatu ikiwa ingali mezani.