Mgeni wa Kwanza wa Tovuti Yako

Je, wajua kwamba anayetangulia kufika kwenye tovuti mpya ya biashara huenda asiwe mteja wala jamaa wa mwenye duka, bali programu ya kompyuta? Inaitwa Googlebot. Kazi yake ni kusoma kurasa za intaneti usiku na mchana, ili Google iwe na cha kumjibu mtu anapotafuta kitu. Ukurasa ambao haijaweza kuusoma ni nadra kumfikia mtafutaji, hata kama bidhaa iliyomo ndiyo bora mjini kote.

Roboti hii haisafiri. Ni kompyuta nyingi za Google zinazoomba ukurasa kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, kama kivinjari cha simu yako kinavyoomba. Zikishaupokea, huusoma, hukusanya viungo vilivyomo na kuvipanga foleni, kisha huomba kurasa ambazo viungo hivyo vinaelekeza.

Ukoo wake ulianza mwaka 1993, Matthew Gray alipoandika pale MIT, Marekani, programu ya kuzunguka mtandaoni na kupima ukubwa wake. Roboti zilipozidi, zikaanza kuzielemea seva za wakati ule. Mwaka 1994 Martijn Koster akapendekeza faili dogo, robots.txt, ambamo mwenye tovuti anaziandikia roboti mahali pasipo ruhusa kuingia. Faili hilo linatumika mpaka leo, na mwaka 2022 lilichapishwa kama kiwango cha intaneti. Machi 1996 ikawa zamu ya Larry Page, mwanafunzi wa Stanford, kutuma roboti yake mtandaoni. Katika kazi aliyoifanya na mwenzake Sergey Brin, kila kiungo kinachoelekea kwenye ukurasa kilihesabiwa kama kura, na kura ya ukurasa wenye heshima ikawa na uzito zaidi. Miaka miwili baadaye Google ikaanzishwa.

Tabia za roboti hii ndizo zinazompasa mfanyabiashara mdogo kuzijua. Haibonyezi vitufe. Haijazi fomu. Haikumbuki ziara yake iliyopita, hivyo kila ukurasa huufungua kama ndiyo mara ya kwanza kufika. Kwa seva mara nyingi hujitambulisha kama simu ya Android, Nexus 5X, aina iliyotoka mwaka 2015, na tangu Julai 2024 Google imeacha kutegemea mwonekano wa kompyuta ya mezani katika kuorodhesha kurasa. Kwa hiyo tovuti inayopendeza kwenye skrini pana ya ofisini na kuvurugika kwenye simu, kwa Google ni tovuti iliyovurugika.

Tumchukue fundi wa samani wa Keko, Dar es Salaam. Mtengenezaji wa tovuti amemwekea picha kubwa yenye maandishi ya kuchorwa humohumo: "Ubora Usio na Mfano". Chini yake kuna kitufe cha kubonyeza ili bidhaa zijitokeze. Roboti inafika, haibonyezi, inaondoka. Isitoshe, mteja wa Mbagala hatafuti ubora usio na mfano. Anaandika "kitanda cha mninga 5 kwa 6 bei". Maneno hayo yalipaswa kuwa kichwa cha ukurasa wake wenyewe, kwa maandishi ya kawaida, yakifuatiwa na aina ya mbao, vipimo, muda wa kutengeneza, mahali karakana ilipo na namba ya simu inayopigika kwa kuigusa.

Na bei. Ninaomba sana juu ya hili, kwa sababu desturi ya kuandika "bei njoo inbox" inawaumiza wafanyabiashara wetu kuliko wanavyodhani. Roboti haiji inbox. Mteja naye, akiwa na kurasa nyingine tano mbele yake, huenda kwa aliyeandika bei, hata kama ni bei ya kuanzia tu.

Kumvuta mgeni ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kumfanya asiondoke. Mwaka 2016 Google ilichapisha matokeo kwamba asilimia 53 ya ziara za simu hukatishwa ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Sehemu ya ucheleweshaji huo ni fizikia tupu. Mwanga ndani ya nyaya za fiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, kilomita 8,000 kwa njia ya waya, ombi kwenda na jibu kurudi ni milisekunde 80 kabla kompyuta yoyote haijafanya kazi yake, na ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa za namna hiyo.

Lakini mzigo mkubwa zaidi kwa kawaida ni picha. Picha iliyopigwa kwa simu na kupandishwa bila kupunguzwa inaweza kufika megabaiti 4. Kumi za namna hiyo ni megabaiti 40, na mteja anazilipia kwa bando lake. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kuhifadhiwa kwa mfumo wa WebP, picha ileile mara nyingi hushuka chini ya kilobaiti 200, na kwenye skrini ya simu jicho halioni tofauti. Mwenye tovuti aandike pia vipimo vya kila picha ndani ya ukurasa ili maandishi yasirukeruke picha zinapoingia. Hakuna kinachoudhi kama kutaka kugusa namba ya simu ukajikuta umegusa kitu kingine.

Seva nzito huichosha hata roboti: ikiona majibu yanachelewa au yanarudi na makosa, hupunguza maombi yake, na kurasa mpya hukaa muda mrefu bila kusomwa. Kulipia matangazo ya Google hakuiharakishi. Kinachosaidia ni viungo. Hoteli iliyonunua vitanda kwa fundi wetu ikimtaja kwenye tovuti yake na kuweka kiungo, hiyo ni kura ya kweli.

Kuna kosa moja ambalo linaweza kufuta haya yote. Katika WordPress, programu ya kujengea tovuti, mna kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Watengenezaji wa tovuti hukiwekea alama wakati wa ujenzi, kisha hukabidhi kazi bila kuitoa. Mwenye tovuti akague mwenyewe: aandike kwenye Google neno site, nukta mbili, na anwani yake bila kuacha nafasi. Kurasa zinazojitokeza ni miongoni mwa zile ambazo Google imeziorodhesha. Kisha ajisajili kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google inayomwonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi wakaiona tovuti yake. Akikuta humo "kabati la nguo milango mitatu" na hana ukurasa unaolizungumzia, huo ndio wa kuandika unaofuata.